Jinsi ya Kulisha Swichi ya Paani kwa Tokeni za Jirani

Kuuza wifi mtaani si kazi ngumu, usitishwe na vijana unaowaona Umoja Innercore, Nairobi, wakipanda ngazi na boksi la kebo begani. Unalipia laini moja ya faiba, unaigawa kwa watu arobaini, na kila mmoja wao anakulipa akiamini ni yake peke yake. Mafunzo ya sehemu hiyo yametapakaa, sina la kuongeza. Kinachowaangusha wanaoanza ni jambo lisilofundishwa: ile swichi uliyoifunga juu ya paa, na ile redio inayotazamana na ploti ya ng'ambo ya barabara, zinakula stima. Zinakula usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, na juu ya paa hakuna soketi.

Panda ukajionee. Gorofa la kawaida la mtaa wa Pipeline lina orofa saba au nane, na huko juu utakuta matangi ya maji, kamba za nguo, kunguru, na vyuma vilivyoachwa wima vikingoja orofa nyingine ambayo mwenye ploti ataiongeza benki ikikubali. Soketi hutaiona. Aliyejenga hakuona sababu, maana tangi halichajiwi.

Kwa hivyo stima lazima ipande kutoka chini, na njia ya bei nafuu ni kuipitisha ndani ya kebo ileile inayobeba intaneti. Hiyo ndiyo PoE inayotajwa na kila fundi. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili. Intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde inatumia jozi mbili tu, ya rangi ya chungwa na ya kijani. Jozi ya buluu na ya kahawia zimekaa bure, na katika mitaa hii ya Eastlands hakuna kitu kinachoachwa kikae bure kwa muda mrefu.

Wazee wa Buruburu hawatakushangaa. Wanakumbuka simu za mezani za KP&TC, lile shirika la posta na simu lililovunjwa mwaka 1999 na upande wake wa simu ukawa Telkom Kenya. Stima ikipotea, simu iliendelea kulia gizani, kwa sababu ililishwa kwa volti 48 kutoka kwenye betri za eksichenji, kupitia waya uleule wa sauti. Umeme na mazungumzo vimesafiri pamoja tangu enzi hizo. Kilichobadilika ni mlipaji. Zamani bili ya betri ilikuwa ya shirika. Siku hizi tunamtafuta mtu.

Soketi ya nani?

Una wagombea watatu. Mwenye ploti ana mita ya taa za ngazi, na kwa haki yote yeye ndiye wa kuombwa kwanza. Usimwombe. Akisikia neno wifi atataka kodi ya paa, na akishajua paa lina kodi, kijana mwingine atafika kesho na bei kubwa kuliko yako. Keateka naye ana soketi, lakini chumba chake kiko chini pembeni ya geti, mbali na swichi kwa orofa zote hizo, na ukimpa intaneti ya bure umempa pia shemeji yake, kinyozi wake na kijana wa kuosha magari.

Anayekufaa ni mpangaji wa orofa ya juu kabisa. Kodi ya huko ni nafuu kwa sababu ya ngazi, na swichi yako iko mita chache juu ya dari yake. Nenda saa za jioni, amekwisha kupanda na mtungi wa maji na hana nguvu ya kubishana.

"Habari ya leo, mathe?"

"Mzuri, kijana wangu. Mbona hiyo wifi yenu inazunguka tu?"

"Hiyo ndiyo imenileta. Nataka kuiweka sawa kabisa. Nipe tu nafasi moja kwa ekstensheni, hapo nyuma ya TV."

"Na stima?"

"Aii mathe, hiyo haili kitu. Hata taa inaishinda."

"Na mimi napata nini?"

"Wewe hutalipa wifi tena. Milele."

Hapo usiongeze neno. Hasa usimpigie hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi na mtoto wake wa Gredi ya 7 anaiweza. Swichi ndogo na redio moja vikila wati 10 kwa pamoja, kwa saa 24 ni wati-saa 240. Kwa siku 30 ni yuniti 7.2. Ukipiga yuniti kwa shilingi 28, ni shilingi 200 na kidogo kila mwezi, na wewe uliahidi haili kitu.

Kuna hesabu ya pili, na hiyo ificheni kabisa, wewe na dhamiri yako. Mwezi wa Aprili 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati, ilishusha kiwango cha wateja wa bei ya chini kutoka yuniti 100 kwa mwezi hadi 30. Mathe anayeishi kwa taa tatu, TV na pasi ya Jumapili anaweza kutumia yuniti 25 na kubaki katika kundi la bei nafuu, ikiwa mita ni yake moja kwa moja kutoka Kenya Power. Mwongeze 7.2 zako, amefika 32.2. Sasa halipii zako peke yake. Hata zile 25 alizozizoea zimempandia bei. Ataona tokeni zinaisha tarehe 22 badala ya mwisho wa mwezi, na atamlaumu jirani, atalaumu friji, ataenda hadi ofisi za stima kulalamika kwamba mita inakimbia. Kisanduku chako kidogo cheusi nyuma ya TV hakitashukiwa, kwa sababu hakipigi kelele wala hakina skrini.

Kama ploti ni ya mita ndogo, zile za mwenye nyumba kuuzia wapangaji stima kwa bei aliyoiota usiku, mambo ni rahisi zaidi. Huko hakuna anayejua yuniti zinaenda wapi, hata kabla yako.

Volti 24, bila hodi

Sasa chagua aina ya stima ya kupandisha. Zipo mbili, ya wasomi na ya mtaa.

Ya wasomi iliandikwa na wahandisi wa IEEE mwaka 2003 na kuitwa 802.3af. Tundu la swichi hutoa hadi wati 15.4, na kifaa cha upande wa pili huhakikishiwa 12.95 baada ya waya kula sehemu yake. Mwaka 2009 wakaongeza hadi wati 30, na 2018 wakafika 90 kwa tundu moja. (Hili la 90 usilitamke mbele ya wapangaji. Mtu atataka kuchomeka TV.)

Uzuri wa mtindo huo, na ndiyo sababu mtaa umeukataa, ni adabu yake. Swichi haimwagi stima hovyo. Kebo ikichomekwa, inapiga hodi kwanza: inatuma volti chache tu, chini ya 11, na kusikiliza. Ndani ya kifaa halali kuna rezista ya omu 25,000 hivi, nayo ndiyo inayoitikia karibu. Swichi ikiiona, inauliza kifaa kinahitaji kiasi gani, kisha ndipo inafungua volti 44 hadi 57. Ikikuta laptopu, printa au TV isiyo na rezista hiyo, inanyamaza na kupitisha intaneti peke yake. Ukichomoa kifaa, stima inakatwa chini ya nusu sekunde.

Vifaa vya adabu hiyo vina bei yake, kwa hivyo wewe nunua injekta ya volti 24. Ni kijisanduku chenye matundu mawili na plagi ya soketi ya pini tatu. Tundu moja linaingiza intaneti, la pili linatoa intaneti na volti 24, waya wa buluu na mwenzake vikibeba chanya, wa kahawia na mwenzake hasi. Haiulizi. Haisikilizi. Chochote utakachochomeka upande wa pili, iwe redio inayoisubiri stima hiyo au laptopu ya mwanafunzi aliye na mtihani kesho, kitapewa volti 24 usoni.

Matundu hayo mawili yana umbo moja na ukubwa mmoja. Maandishi ya kuyatofautisha ni madogo na ya rangi ya kijivu juu ya plastiki nyeusi, na yako upande unaogusa ukuta. Mtoto akichomoa yote mawili ili achaji simu, atayarudisha kwa kubahatisha. Mara nusu atapatia. Mara nusu stima itashuka kwenye rauta badala ya kupanda paani, na utapigiwa simu kwamba wifi inanuka.

Ukishapigiwa, una jibu lililokwisha thibitishwa tangu Dandora hadi Utawala: "Hiyo ni stima ya Kenya Power ilipanda, mathe. Mimi sina makosa." Kisha muuzie rauta nyingine.

Kuna waoga watakaokushauri ubandike karatasi nyekundu juu ya tundu la stima, au uweke tone la gundi ili lisichomoke. Ushauri huo unagharimu shilingi tano, na ukiufuata utaua biashara ya rauta.

Waya wa Luthuli

Shuka mjini, Luthuli Avenue, ambako vifaa vyote vya umeme vya Nairobi vinapita kabla ya kuharibika. Tangu barabara ile ifanyiwe ukarabati mwaka 2019 ina nafasi ya kutembea, kwa hivyo utasikia bei tano kabla ya kuingia duka la kwanza. Omba boksi la kebo ya Cat 6, mita 305. Muuzaji atakuuliza: "Ile poa ama ile ya kazi?" Usione haya. Sema ya kazi.

Ya kazi imeandikwa Cat 6 kwa herufi kubwa na za dhahabu, na ni nyepesi, utaibeba kwa mkono mmoja hadi steji ya Muthurwa. Wepesi huo una sababu. Ndani ya kila waya hakuna shaba tupu. Kuna alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Jaribio lake ni hili: menya kipande kidogo, shika ule uzi wa rangi ya shaba, ukwaruze kwa wembe mara mbili. Shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani. Hii ya kazi inageuka nyeupe kabla hujakwaruza mara ya tatu, na ukiukunja na kuukunjua mara kadhaa unakatika. Jaribio hilo lifanyie nyumbani, usiku, mlango umefungwa. Mteja akiliona ataanza kuuliza maswali kwenye ploti nzima.

Kuna wanaoitetea kebo hii kwa hoja ya usalama, na hoja yao nimeipenda. Waya za shaba za Telkom ziliibwa mtaa kwa mtaa hadi simu za mezani zikafa. Januari 11, 2022, minara ya laini kubwa ya stima ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, na mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa muda. Ukifunga shaba halisi juu ya paa la Kayole unawaalika wageni. Ukifunga alumini, mwizi ataikwaruza kwa wembe, atakusikitikia, na kuondoka.

Tatizo ni kwamba intaneti haijali sana umefunga nini kwa mita 40, ila stima inajali. Fanya hesabu hii mara moja tu katika maisha yako. Kebo nzuri ya shaba ya mita 100, ukitumia jozi moja kwenda na jozi moja kurudi, inaweza kuwa na ukinzani wa hadi omu 9 na kitu. Redio yako ikivuta nusu ampea, njiani zinapotea karibu volti 4.7, na kati ya 24 ulizotuma zinafika 19 na ushee. Redio itavumilia. Sasa weka alumini, ambayo ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu: zinapotea 7 au zaidi, zinafika 17 au chini yake. Redio inawaka. Taa zake zote nne ni kijani. Mchana, watu wakiwa kazini, inafanya kazi vizuri ajabu. Saa mbili usiku watu arobaini wanafungua video kwa pamoja, redio inataka nguvu zaidi, volti zinashuka zaidi, redio inajizima na kujiwasha. Inajizima na kujiwasha hadi saa sita usiku. Nusu ya sifa mbaya za watoa wifi wa Eastlands zimetokana na volti hizo chache zilizobaki ndani ya alumini, huku mteja akilaumu faiba ya baharini huko Mombasa.

Wale wasomi wa volti 48 wanaichekelea hesabu hii, kwa sababu kwa kazi ileile ya wati 12 wao wanatuma robo ampea tu, na juu ya shaba wanapoteza volti 2 na kitu kati ya 48. Waache wacheke. Wao wamelipa.

Kuhusu kuifunga kebo, kamba za nguo zipo tayari. Usinunue kebo ya nje yenye ganda jeusi. Ile ya ndani ya kijivu inapendeza, na jua la Embakasi litachukua muda kabla ya kuipasua. Halafu mvua ya Aprili itaingia penye ufa na kushuka taratibu ndani ya ganda hadi kwenye kichwa cha RJ45. Hapo kuna kitu cha kuona. Kifungue kichwa hicho mwezi wa Juni na uhesabu vile vidole vinane vya dhahabu. Sita vinang'aa. Cha nne na cha tano, vilivyobeba chanya, vimeota unga wa kijani, kwa sababu stima ya moja kwa moja ikikutana na maji huila shaba ya upande wa chanya. Kata kichwa, krimpu kingine, toza mia mbili. Ungekuwa umeacha kitanzi kidogo cha kebo kining'inie chini ya swichi ili maji yadondoke hapo, mia mbili hizo ungezipata wapi?

Wote wachange

Biashara ikikua utagundua mathe mmoja hatoshi. Akienda ushago, anazima soketi zote, na ploti nzima inalala bila wifi. Mtaa umelipatia hilo dawa, na kwa kweli ni ubunifu wa kuvuliwa kofia: swichi inayolishwa na wateja. Badala ya swichi kuwatumia stima, kila mpangaji ana injekta yake chumbani, na injekta hiyo inasukuma volti 24 kwenda juu kupitia kebo yake mwenyewe. Swichi ya matundu manane inapata wafadhili hadi wanane. Alimradi mmoja wao ana tokeni, wote wanaona mpira.

Mteja unamweleza hivi: "Hii kadude ndiyo inasukuma wifi." Si uongo.

Utamu wake uko ndani ya swichi, ambamo mpangaji hataingia. Kila tundu lina diodi, kizuizi kinachoruhusu stima iingie lakini isirudi. Diodi hazina habari ya usawa. Mwenye volti nyingi kuliko wote ndiye anayebeba mzigo, na wengine wanangoja volti zake zishuke. Na ni nani ana volti nyingi? Ni yule mwenye kebo fupi. Kumbuka hesabu ya alumini: wa orofa ya kwanza anatuma 24, zinafika zimechoka. Wa orofa ya juu anatuma 24, zinafika zote. Kwa hivyo katika mchango huu wa watu wanane, ambao kila mmoja amefungiwa injekta na kuambiwa tunasaidiana, anayelipa karibu bili yote ni mathe yuleyule wa juu, na sasa hata hapati wifi ya bure, maana kila mtu anachangia sawa.

Ukitaka kumwonea huruma, mwekee kebo ndefu zaidi. Wachache wamewahi kufanya hivyo, na wengi wao hawakukusudia.

Mwenye ploti na kamera zake

Siku moja mwenye ploti atafika na wazo. Ameona kamera za CCTV kwenye ploti ya mwenzake Donholm, naye anataka nane, na kwa kuwa paa lake unalitumia bure, anajua nani atazifunga. Hapa lazima utumie swichi ya adabu ya 802.3af, kamera hazitaki mzaha. Utapata ya matundu manane, na kwenye boksi imeandikwa kila tundu linatoa wati 15.4. Upande wa nyuma, kwa maandishi madogo kama sisimizi, imeandikwa wati 60 kwa yote. Nane mara 15.4 ni 123.2. Mwenye kuuza hajadanganya, amekupa namba mbili ukachagua ya kupenda.

Mchana kamera moja inakula wati 4 hivi, zote nane ni 32, na mwenye ploti anapeperusha simu yake kanisani akiwaonyesha wazee geti lake. Saa kumi na mbili na nusu jua linazama. Kila kamera inaona giza na kuwasha taa zake za infraredi. Sasa kila moja inataka wati 8. Zote ni 64. Swichi inahesabu, inaona imezidiwa, na kuzima tundu moja ili mengine yaishi. Kwa kawaida linatangulia la mwisho, namba 8. Na tundu namba 8 ulimchomekea nani? Kamera ya mbali zaidi, uliyoifunga mwisho kabisa ukiwa umechoka. Ya getini.

Kwa hivyo geti linaonekana vizuri sana kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Wezi wa Eastlands hawana haja ya kulijua hili; wanatembea usiku kwa sababu zao nyingine. Ukitaka kuharibu mchezo, hamisha kamera ya geti kwenye tundu namba 1, na ile ya namba 8 iwe ya kuchungulia kamba za nguo. Au nunua swichi ya wati 120. Mwenye ploti atakwambia ni ghali, kisha atarudi kwenye Prado.

Giza

Stima itapotea. Si lazima uwe umefanya kosa. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha kuzalisha stima cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikazima kwa saa kadhaa. Tumbili akatoka salama, na KenGen, wenye kituo, ikatoa picha yake. Agosti 25, 2023, giza lilifika hata JKIA, uwanja wa ndege wa kimataifa uliopo hapahapa Embakasi. Kama ndege zinaweza kungoja, mteja wako wa bob kumi kwa saa atangoja.

Hatangoja. Atataka betri. Nunua kiyupiesi kidogo chenye tundu la PoE la volti 24, na usome boksi kwa makini ili ujue cha kutomwambia mteja. Imeandikwa 8,800 mAh, namba yenye kuvutia. Mara nyingi namba hiyo ni ya betri za ndani zenye volti 3.7, kwa hivyo ni wati-saa 32 na nusu hivi. Kwa mzigo wa wati 10, toa kinachopotea kwa kuipandisha hadi volti 24, hufikishi saa tatu. Wewe sema "siku nzima". Hukusema ni siku ya wapi.

Betri hiyo usiifunge paani ndani ya lile boksi la chuma ulilochomelewa Kariobangi Light Industries. Mchana wa Februari boksi hilo halishikiki kwa mkono, na betri ya lithiamu haipendi joto. Iweke chumbani kwa mathe, nyuma ya TV, pamoja na vingine vyako. Na waya wako usiulaze kabisa juu ya laini za stima zinazopita kati ya ploti. Hapo kejeli naiweka chini: volti 24 zitakuharibia laptopu, lakini 240 ni mazishi, na laini za volti kubwa zaidi hazingoji hata uziguse.

Mengine ni madogo. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ipo na sheria inaitaka; wengi huikumbuka siku gari la Mamlaka linapoegeshwa kwenye steji. Nguzo za Kenya Power zina kodi kwa anayetundika waya wake juu yazo. Radi ya mvua za Aprili na Novemba ina kinga yake, inayohitaji waya wa ardhi ulioshuka hadi chini kweli, sio ule uliofungwa kwenye mguu wa tangi.

Linalotaka akili ni mwisho wa mwezi. Tarehe 30 utaona lori dogo getini, godoro limeegemezwa ukutani, sufuria ndani ya ndoo. Mathe anahama. Kitu cha kwanza anachochomoa ni TV, na cha pili ni ekstensheni nzima, pamoja na injekta, kiyupiesi, na watu arobaini. Kimbia ukamsaidie kubeba kabati, umshukuru kwa yote, na upande tena orofa nane kabla mgeni hajaingia. Mgeni akiwa mwanafunzi, mwahidi wifi ya bure milele. Akiwa mama mwenye watoto, mwahidi katuni. Akiwa ni kijana aliyevaa ovaroli, anayeingia na mita ya kupimia mkononi na kukuuliza, kabla hata ya salamu, hicho kidude kinakula wati ngapi na nani amekuwa akilipa, mwambie umekosea mlango, na ushuke ukaongee na keateka.